Singeli Ije Baada ya Nini?

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa inapita katikati ya mji wa Mikumi, na hapo hapo ndipo inapochepuka ile ya Kidatu na Ifakara. Wageni wa harusi hutoka pande zote hizo, kila rika na muziki wake: wazee waliokulia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, shangazi wanaosubiri taarabu ya kurusha roho, vijana wa amapiano na singeli. DJ anaweza kuwa na nyimbo za wote hao na bado uwanja ukabaki mtupu. Mara nyingi nyimbo hazina kosa. Kosa liko katika namna kasi zake zinavyofuatana.

Kasi ya wimbo hupimwa kwa mapigo kwa dakika. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, umeipata. Amapiano nyingi huangukia karibu na 112. Singeli, iliyozaliwa kwenye vigodoro vya uswahilini Dar es Salaam, huvuka 200 bila taabu, na nyingine hukaribia 300. Kwa hesabu hiyo, kutoka amapiano ya 112 kwenda singeli ya 224 ni mojawapo ya mapengo makubwa kabisa ya usiku wa harusi.

Miguu haihesabu hivyo. Mtu akitembea kwa mwendo wake wa kawaida hupiga hatua karibu 2 kwa sekunde, yaani kama 120 kwa dakika, na mwili hupenda mdundo uliokaribiana na mwendo huo. Sehemu za ubongo zinazoratibu mwendo huamka kwa mdundo hata msikilizaji akiwa ameketi kimya, zikikisia pigo lijalo litatua lini. Mapigo yakiwa ya kasi mno, mchezaji hukanyaga moja na kuacha moja. Singeli ya 224 basi huchezwa kwa hatua 112, zile zile za amapiano. Hata programu za simu hunaswa na jambo hilo: wimbo mmoja huweza kuandikwa 75 na programu hii, na 150 na nyingine. Kabla ya kuiamini namba, gonga mguu mwenyewe.

Pengo dogo ndilo linaloleta balaa. Chukua nyimbo mbili, moja ya 112 na nyingine ya 116, uziachie pamoja zikianza sawa. Baada ya sekunde saba na nusu tu, pigo la moja litaangukia katikati ya mapigo ya mwenzake, na wachezaji watajikwaa. Wakazi wa Kilosa wana mfano wake relini. Tawi la Reli ya Kati linalotoka kwao kupitia Mikumi hukutana na reli ya TAZARA huko Kidatu. Upana wa reli moja ni milimita 1,000, wa nyingine 1,067. Tofauti haifiki hata urefu wa kidole, lakini behewa halivuki. Lazima mzigo ushushwe na kupakiwa upya. DJ ana njia mbili: kuvuta kasi ya wimbo mmoja hadi ulingane na wa pili, au kusimamisha muziki na kuanza upya.

Kusimamisha si hasara. Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, walionyesha kuwa muziki wa kasi huharakisha pumzi na moyo, na kwamba dakika 2 za ukimya hushusha mapigo ya moyo. Mshereheshaji anaposhika kipaza sauti kuita ukoo wa bwana harusi, miili inarudi chini, na hapo DJ anaweza kutoka taarabu kwenda rumba bila mtu kujikwaa.

Bendi za dansi zilikuwa na ufundi huu ndani ya wimbo mmoja. Mashairi yaliimbwa taratibu, watu wakishikana viuno. Kisha magitaa yaliingia kwenye chemko, na uwanja wote ukachangamka. Aliyekwisha kuzoea mdundo hakuhitaji kushawishiwa kuongeza mwendo.

Wakati wa chakula ni suala jingine. Mwaka 1986 mtafiti Ronald Milliman wa Marekani aliandika kuwa wateja wa mgahawa walikaa wastani wa dakika 56 muziki ukiwa wa polepole, na 45 ukiwa wa kasi. Kama wapishi wanataka sahani zirudi mapema, rumba laini inawachelewesha.

Kwa hiyo kamati ya harusi, iwe Kilosa mjini au Mikumi, isimkabidhi DJ orodha ya nyimbo peke yake. Impe kwanza ratiba ya mshereheshaji: keki saa ngapi, zawadi saa ngapi, hotuba ni ngapi. Hapo ndipo atakapojua wapi apandishe kasi hatua kwa hatua, na wapi aruke.