Mswahili wa Rumonge ni nani?

Mkulima wa milima ya Bururi akishuka Rumonge kuuza maharage, jioni akirudi kwake anaweza kusema ndagala zake amezinunua kwa "umuswahili". Hana maana ya mtu wa Lamu wala Unguja. Aliyemuuzia huenda ni Mrundi wa baba na mama, kazaliwa mtaa wa nyuma ya soko, anakwenda msikitini Ijumaa na Kirundi anakisema kama yeye mkulima. Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Gitaza kule Muhuta hadi Nyanza-Lac, Mswahili ni mtu wa mji kwanza, mengine yanafuata.

Asili ya neno haina ubishi: ni sawahil ya Kiarabu, yaani pwani. Ila ziwani halikuletwa na ukoo wowote, lililetwa na misafara. Burton na Speke walipoingia Ujiji mwaka 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wameshaweka makazi. Kutoka hapo vyombo vilipanda kaskazini vikigusa ufuko mmoja baada ya mwingine. Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alitaka kuingia Burundi kwa nguvu, na Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo akamzuia. Basi biashara, dini na lugha ya wageni vikashika ukanda wa Imbo, lile bonde la joto kando ya maji, milima ikabaki na mambo yake. Mgawanyiko huo wa bondeni na mlimani bado unasikika kila neno Mswahili linapotamkwa Burundi.

Jambo moja husahauliwa. Watu wa misafara ile walipenda zaidi kuitwa Waungwana, au Wangwana, hata baadhi yao walipokuwa watumwa wa watu. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, jina hilo ndilo lililozaa Kingwana, Kiswahili cha huko. Wengine walikuwa Wamanyema, waliovuka kutoka magharibi wakalowea Ujiji, Rumonge na Usumbura, Bujumbura ya leo. Mswahili likawa kapu la kuwatia wote hao, pamoja na Mrundi yeyote aliyesilimu na kuhamia mjini.

Utawala wa Kibelgiji ukalipa kapu hilo kuta. Huko Usumbura wakazi Waafrika wa mjini walitengewa eneo lililokuwa nje ya mamlaka ya machifu na mila, na Buyenzi ikawa mtaa wa Waswahili hasa. Mtu aliyekaa humo hakuwa na chifu, na kwa macho ya wengi hakuwa na kilima cha kwao. Alionekana mgeni hata kama babu yake alizikwa hapo hapo. Mwanamfalme Louis Rwagasore alilitambua hilo mapema. Watu wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono kwa moyo katika chama cha UPRONA kabla hajauawa Oktoba 1961.

Leo neno lina maana tatu zinazopishana mdomoni mwa mtu mmoja. Kuna Mswahili Mwislamu, kuna Mswahili mfanyabiashara wa mjini, na kuna Mswahili mjanja, asiyeaminika kwenye mizani ya samaki au dumu la mawese. Hiyo ya tatu Watanzania wanaijua vizuri, maana na wao husema "acha uswahili", tena wakisema wenyewe kwa wenyewe. Huko Rumonge inachoma zaidi, kwa kuwa anayeisema mara nyingi ni mtu wa nje ya kundi.

Mswahili si jina la kabila, wala sheria hailijui. Katiba ya Burundi ya 2005 iligawa viti vya Bunge kwa asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, ikaongeza Watwa watatu. Mswahili wa Rumonge akitaka ubunge lazima ahesabiwe upande mmojawapo.

Kuvua nako hakumgeuzi mtu kuwa Mswahili. Mvuvi wa Gitaza, ambako milima inakaribia kutumbukia ziwani, anaweza kuuza samaki wa mukeke maisha yake yote akabaki Umunyamuhuta, mtu wa Muhuta. Kirundi kina kiambishi hicho cha -nya- kwa mkazi wa popote, hivyo yupo pia Umunyarumonge, na humo wanaingia wote: Mwislamu na Mkatoliki, mwenye duka na mwenye shamba la michikichi. Rumonge ilipofanywa mkoa mwaka 2015, Muhuta ikiwa ndani yake, majina ya namna hiyo ndiyo yaliyoweza kumtaja kila mtu bila kumuuliza anaswali wapi.

Kwa wahariri wa Dar es Salaam na Nairobi nina ombi moja. Mkiandika habari za mafuriko au za samaki wa huko, andikeni "wakazi wa Rumonge". "Waswahili wa Rumonge" liacheni mpaka wanaotajwa wawe wamejiita hivyo wenyewe.