Kumlea Mwalimu Mpya wa Fasihi: Wajibu wa Idara Nzima

Mwalimu mwenzangu, tunapofundisha miviga katika fasihi simulizi, huwa tunawaeleza wanafunzi kwamba jamii haimwachi kijana avuke peke yake kutoka utotoni hadi utu uzima. Kuna kungwi wa kumfunda, kuna muda uliotengwa, na kuna mambo mahususi ya kufundwa. Wanafunzi huyaandika hayo daftarini. Kisha kengele hulia, nasi hurejea katika chumba cha walimu, ambako mwalimu aliyeripoti juzi ameketi na rundo la vitabu mbele yake, na hakuna aliyemfunda lolote.

Makala haya yananuia kueleza jinsi idara ya Kiswahili inavyoweza kumlea mwalimu mpya, hususan katika ufundishaji wa fasihi. Hoja yangu ni moja: mwalimu mpya hulelewa juu ya matini na juu ya karatasi za wanafunzi, wala si juu ya faili peke yake.

Hali ilivyo

Mwalimu anayetoka chuo kikuu na shahada ya elimu si mbumbumbu. Amesoma nadharia za uhakiki, isimu na mbinu za kufundishia. Isitoshe, amefanya mazoezi ya kufundisha, aghalabu kwa muhula mmoja. Hata hivyo, siku anayoripoti kazini hukabidhiwa ratiba, chaki na vitabu, akaonyeshwa mahali pa kuweka maazimio ya kazi, maandalio ya somo na rekodi ya kazi. Nyaraka hizi ni muhimu, lakini hazimwambii afanyeje katika kipindi cha dakika 40, mbele ya darasa lililojaa ambamo wanafunzi watatu au wanne wanachangia nakala moja ya tamthilia.

Akikosa wa kumuuliza, hukimbilia mwongozo. Sisemi miongozo haina faida. Nasema kwamba mwalimu anayeufundisha mwongozo badala ya kitabu huandika ubaoni orodha ya maudhui na sifa za wahusika, wanafunzi wakanakili, wakakariri. Karatasi ya tatu ya KCSE, yaani 102/3, ina alama 80, na mtahiniwa hujibu maswali 4 kwa muda wa saa 2 na nusu. Swali likija kwa pembe ambayo mwongozo haukuigusa, aliyekariri hukwama. Ikumbukwe kwamba mwalimu atapata darasa jingine mwakani. Mtahiniwa wa Kidato cha 4 hana mwaka wa pili wa kumngoja mwalimu wake akomae.

Nani awe mlezi?

Wengi hudhani kazi hii ni ya mkuu wa idara. Mkuu wa idara ana wajibu wake, lakini yeye ndiye anayekagua nyaraka na kuandika ripoti. Mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, TPAD, ulioanza kutumika shuleni mwaka wa 2016, una mahali pa kumtazama mwalimu akifundisha na kumtolea alama. Tathmini hiyo ina lengo lake. Malezi nayo yana lengo jingine. Mtu hawezi kumfunulia udhaifu wake yule anayempa alama.

Kwa hivyo, idara imteulie mwalimu mpya mlezi mmoja: mwalimu aliyefundisha miaka kadhaa, anayefundisha kidato kimoja naye ikiwezekana, na asiye na kazi ya kumwandikia ripoti. Watakayozungumza yabaki baina yao. Mwalimu mpya akijua hivyo, atauliza. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza kunahitaji mahali pa usalama.

Mambo manne ya kufanya

(i) Kusoma kitabu pamoja

Kabla muhula haujaanza, mlezi na mwalimu mpya wasome kitabu teule kizima bila mwongozo. Kila mmoja aandike maswali yake pembeni mwa kurasa. Kisha waketi na kulinganisha. Hapa mlezi asihutubu. Aulize: je, mhusika huyu anabadilika wapi? Ni tukio gani linalombadilisha? Mwalimu aliyeipata sifa ya mhusika kwa jasho lake mwenyewe anaweza kumfundisha mwanafunzi njia ya kuipata. Aliyeinakili hana njia ya kuonyesha.

(ii) Kuketi darasani kwa zamu

Mwalimu mpya aanze kuketi nyuma katika darasa la mlezi wake, hata kwa vipindi viwili tu. Baadaye mlezi naye aketi katika darasa la mwalimu mpya. Utaratibu huu una maana: anayetangulia kujianika ni mkongwe. Mgeni hataona kuwa anapelelezwa.

Mlezi akiwa darasani, asiandike makosa ya mwalimu. Aandike wanafunzi walisema nini, nani alinyamaza kipindi kizima, na swali lipi liliwafanya wafungue vitabu. Hayo ndiyo mambo ambayo mwalimu aliyesimama mbele hawezi kuyaona yote.

Itakuwaje mwalimu mpya akikosea ubaoni? Tuchukue mfano wa ushairi. Tuseme ameuita mshororo wa mwisho kibwagizo, ilhali mshororo huo unabadilika kutoka ubeti mmoja hadi mwingine. Sote twajua kwamba kibwagizo hurudiwa. Mshororo wa mwisho usiorudiwa ni kiishio. Mlezi asinyooshe mkono na kumsahihisha mbele ya wanafunzi. Amweleze baada ya kipindi, na kipindi kifuatacho mwalimu mwenyewe awarudishe wanafunzi kwenye shairi, wailinganishe mishororo ya mwisho na kuamua. Kosa litakuwa limerekebishwa, na heshima ya mwalimu itakuwa imebaki mahali pake.

(iii) Mazungumzo ya dakika 10

Baada ya kipindi, wazungumze siku hiyo hiyo, hata kama ni wakati wa chai. Maswali 3 yatosha: Ulitaka wanafunzi wajue nini? Umejuaje kwamba wamejua? Kesho utabadilisha nini? Mlezi achague jambo moja tu la kurekebishwa. Mwalimu anayepewa makosa 10 kwa mpigo hatarekebisha hata moja, na atakachokumbuka ni fedheha.

(iv) Kusahihisha pamoja

Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi, na ndilo lenye faida kubwa zaidi. Baada ya mtihani wa kwanza, mlezi na mwalimu mpya wachukue karatasi 10. Kila mmoja asahihishe kivyake na kuandika alama kando, halafu walinganishe.

Mathalani, mmeuliza swali kuhusu Yona katika *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, mkataka sifa 5 kwa alama 10: alama 1 ya kutaja sifa na alama 1 ya kuithibitisha. Mwanafunzi ameandika: Yona ni mlevi kwa sababu anapenda pombe. Mwalimu mpya ametoa alama 2, mlezi ametoa 1. Kwa nini? Kwa sababu kupenda pombe ni kulirudia neno mlevi kwa maneno mengine. Uthibitisho ni tukio la tamthiliani. Mwanafunzi mwingine ameandika kwamba Yona ni mwenye kujali, kwa kuwa anamuuguza mkewe Sara. Mwalimu mpya amekata, kwa kuwa orodha aliyo nayo inasema Yona ni mlevi. Hapa mlezi anafungua kitabu, na wanakubaliana kwamba mhusika hubadilika na kwamba jibu lenye ushahidi kutoka matinini hulipwa.

Karatasi 10 za namna hii humfunza mwalimu mambo ambayo semina ya siku nzima huenda isimfunze. Zaidi ya hayo, wanafunzi wa mikondo miwili hupata haki sawa, kwa sababu alama 12 ya mkondo wa Mashariki itakuwa sawa na alama 12 ya mkondo wa Magharibi.

Vikwazo na namna ya kuvikabili

Kikwazo cha kwanza ni wakati. Walimu wana vipindi vingi, na mwalimu mpya mara nyingi hubebeshwa pia somo lake la pili, michezo na bweni. Mkuu wa idara anaweza kusaidia kwa kuomba kipindi kimoja kwa wiki ambacho mlezi na mwalimu mpya wote hawafundishi. Kipindi kimoja kikilindwa muhula mzima, malezi yatafanyika.

Kikwazo cha pili ni mkataba. Wapo walioajiriwa na Bodi ya Usimamizi ya shule kwa malipo madogo, na wapo wanagenzi walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kwa mkataba wa muda. Baadhi yetu huona hakuna haja ya kumlea mtu ambaye huenda akaondoka Agosti. Tukumbuke kwamba hadi hiyo Agosti, ndiye anayewafundisha wanafunzi wetu. Tena, akiondoka atakwenda kufundisha wanafunzi wengine wa taifa hili hili.

Kikwazo cha tatu ni kiburi cha ukongwe. Kuanzia Januari 2026, shule za upili zimeanza kupokea wanafunzi wa Gredi ya 10, huku vidato vya mwisho vya mfumo wa 8-4-4 vikiendelea. Katika mtaala wa umilisi, sote ni wageni kwa kiasi fulani. Mara nyingine aliyetoka chuoni juzi ndiye aliyefunzwa jinsi ya kutathmini mradi au kutumia kanda ya video kufundishia fasihi simulizi. Mlezi mwema hukubali kulelewa.

Neno kwako mwalimu mpya, nawe mtahiniwa

Mwalimu mpya, usingoje kuteuliwa mlezi. Mwombe mwalimu mmoja uketi darasani mwake. Mpelekee karatasi 5 ulizosahihisha umuulize maoni yake. Shuleni, wazee wa kazi wengi hawakatai kusaidia, hungoja kuulizwa.

Nawe mtahiniwa, ukifundishwa na mwalimu mgeni, usimpime kwa umri wake. Mwendee na kitabu mkononi, umwonyeshe ukurasa unaokutatiza. Swali la mwanafunzi aliyesoma kitabu humlazimu mwalimu naye kukirudia, na hapo nyote wawili mnakuwa mmefaidika.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Idara ya Kiswahili iliyo na walimu 4 ina mikono 8. Kabla ya muhula ujao kufunguliwa, kaeni kikao kifupi, andikeni jina la mwalimu mpya, jina la mlezi wake na kipindi chao cha wiki, kisha mbandike ratiba hiyo karibu na ile ya mitihani.