Nani Humfundisha Mtoto Kupenda Shule?

Salamabila ni mji wa wachimbaji katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa Maniema. Karibu yake ni vilima vya Namoya, ambako dhahabu imechimbwa tangu zamani za Wabelgiji. Asubuhi njia za huko zina watu wa namna mbili. Wengine wamebeba sepetu na karai, wanakwenda mashimoni au mtoni. Wengine wameshika daftari, wanakwenda shule. Hupishana njiani, na mara nyingi mwenye karai na mwenye daftari ni watoto wa umri mmoja, pengine hata wa nyumba moja.

Kwa nini huyu amekwenda huku na yule kule? Watu hujibu upesi: huyu ana akili, yule ni mvivu. Jibu hilo si kweli. Kuchota mchanga mchana kutwa, maji yakifika magotini, si kazi ya mvivu. Wala hakuna mtoto azaliwaye akiichukia shule au akiipenda. Mtoto wa miaka sita hajui faida ya kusoma. Faida ya dhahabu aijua, kwa maana alimwona kaka yake akirudi jioni na fedha, na kesho yake akanunua viatu. Faida ya shule huchelewa miaka mingi. Basi, kwa kuwa hawezi kuiona kwa macho yake, mtoto huazima macho ya wakubwa. Wanachokiheshimu, naye hukiheshimu. Wanachokicheka, naye hukicheka.

Kazi hiyo huanza nyumbani, wala haihitaji hotuba. Baba mmoja humwambia mwanawe kila siku, "Soma, mwanangu, soma." Lakini siku ya soko humtoa darasani ili amlindie mzigo. Mtoto amesikia maneno, akafuata matendo. Amekwisha kujua ya kuwa soko ni jambo la haraka na shule ni jambo la kungoja. Mama mwingine hajui hata herufi moja. Jioni, sufuria ikiwa motoni, humwita binti yake: "Leta daftari nione." Maneno hawezi kuyasoma, lakini aona wino mwekundu wa mwalimu, aona ukurasa safi na ukurasa mchafu. Huuliza, "Hapa mwalimu ameandika nini? Nisomee." Binti husoma. Tena mama huyo humpunguzia binti ndoo za maji, na ndugu yake wa kiume huchota moja au mbili. Jambo hili la ndoo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wasichana wengi huchoka kabla ya kufungua kitabu, kisha husemwa kwamba vichwa vyao ni vigumu.

Hata penye dhahabu shule yaweza kupata heshima. Katika Kongo ya mashariki wanunuzi wadogo hupima dhahabu kwa mizani ndogo, na pengine badala ya mawe ya mizani huweka sarafu za zamani au vijiti vya kiberiti. Sasa fikiri kidogo. Kijiti kilicholowa maji ni kizito kuliko kijiti kikavu. Mnunuzi mwenye hila akiweka vijiti vilivyolowa, dhahabu ya mchimbaji huonekana pungufu, na jasho la juma zima hupotea bila kelele. Mzazi akimwita mtoto wake wa darasa la tano baada ya masomo, wakahesabu bei pamoja, naye akalikubali jibu la mtoto mbele ya watu, mtoto huyo hatasahau. Na mwalimu akileta mizani darasani, akawapimisha wanafunzi kijiti kikavu na kijiti kilicholowa, hahitaji fimbo siku hiyo.

Mwalimu naye ana nguvu ambayo pengine haijui. Katika miaka ya 1960, mtaalamu Robert Rosenthal na mkuu wa shule Lenore Jacobson walifanya jaribio katika shule moja ya California, Marekani. Waliwapa walimu majina ya watoto fulani, wakasema ya kuwa watoto hao wataendelea sana mwaka huo. Kumbe majina yalichaguliwa ovyo, kama kwa kura! Mwisho wa mwaka, watoto wale wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wamewapita wenzao katika mtihani wa akili. Madarasa ya juu hayakuonyesha tofauti kama hiyo, na wataalamu wengine wamebishana sana juu ya hesabu za jaribio hilo. Lakini mwanafunzi hana haja ya kwenda California ili aelewe. Mwalimu akimwita kwa jina lake, akamngoja afikiri, hufikiri. Akimwita "wewe mjinga," huacha kunyosha mkono, na baada ya mwezi mmoja huacha kuja.

Tena kulikuwa na fundisho lingine baya. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 43, yasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Lakini kwa miaka mingi baadaye wazazi waliendelea kulipa, kwa sababu mshahara wa walimu haukutosha au haukufika. Mtoto ambaye hakulipiwa alitolewa darasani mbele ya wenzake. Alijifunza nini siku hiyo? Alijifunza kwamba shule ni deni, na mwalimu ni mdai. Wengine walikwenda mashimoni kutafuta ada, "kwa juma moja tu," na juma likawa mwaka. Ni kweli, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtia mtoto katika kazi za kudhuru afya yake. Lakini sheria haikai jikoni jioni, wakati mtoto anapoulizwa ameleta fedha ngapi.

Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kulitimiza neno la Katiba. Watoto wengi walikuja na madarasa yakajaa. Walimu wengi wakabaki bila mshahara, hata mwaka 2021 kukawa na mgomo. Mwalimu asiyelipwa hulima, au hutafuta kibarua baada ya kipindi, na wanafunzi humwona. Hapo ndipo neno la mzazi lina uzito mkubwa. Akisema mbele ya watoto, "Mtazameni mwalimu wenu, amesoma miaka yote ile na viatu vyake vimetoboka," kesho nani atamsikiliza mwalimu huyo? Akisema, "Mwalimu wenu ana shida, lakini anakuja kwa ajili yenu," amesema kweli ile ile, na watoto humwamkia mwalimu kwa adabu. Kadhalika mwalimu akiwacheka wazazi wasiojua kusoma, mtoto hulazimika kuchagua kati ya shule na mama yake. Atamchagua mama yake, na ni haki.

Katika shule za Kongo kuna komite ya wazazi, lakini mara nyingi hukutana kusema habari za fedha na mabati tu. Habari za mtoto mmoja mmoja hupatikana nyumbani. Mwanafunzi amekosa siku tatu. Mwalimu mwenye hasira humwandalia adhabu. Mwalimu mwenye busara hupita kwao jioni, hupiga hodi, hupewa kiti. Hapo husikia ya kuwa mama anatwanga mawe ya dhahabu tangu alfajiri, na mtoto mchanga hana wa kumlea. Huzungumza, na nyanya wa jirani huitwa. Mtoto mchanga atakaa kwa nyanya hadi saa sita, dada yake atakwenda shule, na akirudi ndipo atamchukua.