Mkono wa Tommy John: kwa nini kano lililopandikizwa halitaki haraka

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio dogo. Geuza kiganja kiangalie juu, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Umeona kamba nyembamba imechomoza katikati, chini ya kiganja? Hilo ni kano, yaani uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Kama hulioni, usiogope: wapo watu waliozaliwa bila hilo kano na wanashika vitu kama kawaida. Sasa, kano hilo hilo la ziada ndilo lililookoa kazi ya mchezaji mmoja wa besiboli.

Julai 17, 1974, Tommy John, mrushaji wa mkono wa kushoto wa Los Angeles Dodgers, alikuwa kwenye msimu mzuri: ushindi 13, vipigo 3 tu. Akarusha mpira, na mkono ukaisha nguvu. Ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko, mkanda unaofunga mfupa kwa mfupa, ilikuwa imechanika. Enzi hizo jeraha hilo lilimaanisha kustaafu.

Kwa nini ichanike? Mrushaji akivuta mkono nyuma kisha kuufyatua mbele, kiwiko hulazimishwa kufunguka kwa ndani, kama mlango unaosukumwa upande usio na bawaba. Vipimo vya maabara vinaonyesha kuwa nguvu hiyo ya kupinda ni karibu mara mbili ya ile inayoweza kuikata ligamenti ikiwa peke yake. Basi mbona haikatiki kila siku? Kwa sababu misuli ya mkono inabeba sehemu ya mzigo. Misuli ikichoka, deni lote linaiangukia ligamenti.

Septemba 25 mwaka huohuo, daktari Frank Jobe alijaribu kitu kipya. Alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa John, akatoboa matundu kwenye mifupa ya kiwiko cha kushoto, akalipitisha humo kama mtu anayefunga kamba za viatu. Alikadiria kuwa nafasi ya John kurudi uwanjani ni 1 kati ya 100. Baadaye neva ya mkono ikaleta matatizo, ikabidi apasuliwe tena. Msimu wote wa 1975 hakucheza.

Sasa hapa ndipo penye biolojia tamu. Kano likishahamishwa halina damu yake, na chembe zake nyingi hufa. Mwili hulitumia kama jukwaa la fundi ujenzi: mishipa midogo ya damu inaingia, chembe mpya zinahamia, zinasuka nyuzi mpya za kolajeni kufuata upande linakovutwa. Kumbe katika miezi ya mwanzo kano huwa dhaifu kuliko siku liliposhonwa! Maumivu yanaweza kuisha huku ujenzi bado unaendelea. Ndiyo maana mchezaji huanza kurusha polepole, karibu, halafu anaongeza umbali kidogo kidogo, na kurudi mashindanoni huchukua mwaka mzima au zaidi.

John alirudi 1976, akashinda mechi 10. Mwaka uliofuata akashinda 20. Alistaafu 1989 akiwa na miaka 46 na ushindi 288, na 164 kati ya huo ulikuja baada ya upasuaji. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake.

Tatizo ni kwamba habari njema imezaa uvumi. Wapo wazazi na vijana Marekani wanaoamini eti upasuaji huo unaufanya mkono uwe na nguvu kuliko mwanzo. Hapana. Unarudisha kilichopotea, na si kwa kila mtu. Ndiyo sababu miongozo ya besiboli ya vijana huko huhesabu mipira: mtoto wa miaka 9 au 10 asirushe zaidi ya 75 kwa siku, kisha apumzike siku kadhaa. Misuli yake ikipumzika, ligamenti haibaki peke yake.