Mtumbwi Huharibikia Nchi Kavu

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, nao wanafunzi huitia katika insha zao bila kuitilia shaka. Mimi naiheshimu, lakini naamini waliotuachia walidhani kwamba msikilizaji analijua sharti lake: akiba isiyotunzwa huoza, tena pengine huoza upesi kuliko kitu kinachotumiwa kila siku. Leo nataka kulithibitisha jambo hilo kwa kutumia chombo ambacho wengi hawakitarajii katika mbuga za Kajiado, yaani mtumbwi mwepesi.

Najua yupo msomaji atakayecheka. Mtumbwi na Kitengela wapi na wapi, mji ambao watu wake hununua maji kwa mitungi? Majirani zangu nao hucheka wanapouona mtumbwi wangu wa faiba, nilioutoa Pwani nilikozaliwa, umefudikizwa chini ya kibanda nyuma ya nyumba. Lakini hebu tuifuate njia ya maji yetu wenyewe. Maji ya Mto Kitengela na ya Mto Mbagathi huishia katika Mto Athi. Mto huo ukifika mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, nao humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Tone la mvua linaloanguka kwetu linaweza kufika kwa wavuvi. Basi kwa nini tuone ajabu chombo cha wavuvi kikija kwetu?

Tena haja yenyewe imekwisha kuonekana. Katika masika ya mwaka 2024 mito ilivunja kingo zake, maji yakaingia majumbani huko Athi River na katika sehemu za Kitengela, na watu wakakwama. Kote nchini zaidi ya watu 200 walipoteza maisha yao. Lakini kabla ya hapo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua zilikuwa haba kwa misimu mitano mfululizo, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa malishoni Kajiado. Ndiyo hali ya nchi yetu: ukame unaodumu miaka, halafu gharika ya siku chache.

Katika hali hiyo, mtihani wa chombo cha majini hauko majini. Mvuvi wa Lamu huuona mtumbwi wake kila kukicha. Ukipata ufa leo, ataujua leo. Sisi huenda tukakaa miaka miwili tusiuhitaji, kisha tukauhitaji usiku mmoja bila ya kupewa notisi. Chombo kitakachotufaa usiku huo ni kile kilichotunzwa katika siku zote ambazo hakikuwa na kazi.

Adui wa kwanza ni jua. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 tunazopanda, miale isiyoonekana kwa macho, ambayo wanasayansi huiita urujuanimno, huongezeka nguvu kwa takriban asilimia 10. Miale hiyo huukausha utando wa nje wa faiba mpaka ukatoa unga kama chaki. Plastiki nayo hupoteza unyumbufu wake, ikawa ya kuvunjika kwa pigo dogo. Mtumbwi wa mti huteseka kwa namna nyingine: mbao hupoteza unyevu upesi zaidi kwenye ncha zake kuliko katikati, na kwa hiyo nyufa huanzia kwenye omo na tezi. Aliye upande wa Magadi ana tahadhari nyingine ya ziada. Magadi yakichanganyika na unyevu huila aluminiamu, kwa hiyo mtumbwi wa madini hayo usiachwe na vumbi la huko bila kuoshwa kwa maji safi.

Dawa ya jua ni kivuli, wala si kivuli cha turubai lililobanwa juu ya chombo. Turubai la namna hiyo hufungia joto na unyevu ndani, na ukungu ukaota. Kibanda cha mabati manne kilicho wazi pande zote chafaa zaidi, kwa kuwa hewa hupita. Mtumbwi na uoshwe tope, ukaushwe kabisa, kisha ufudikizwe, ili mvua isijae ndani na mbu wasipate mazalio.

Usilazwe chini. Mchwa wa Kajiado hawahitaji kutambulishwa kwa mwalimu yeyote aliyewahi kupoteza rafu ya vitabu. Uwekwe juu ya mihimili miwili iliyovikwa vipande vya magurudumu makuukuu, mmoja kwenye robo ya urefu kutoka omo na mwingine kwenye robo kutoka tezi. Hapo uzito hugawanyika, na mgongo wa chombo haupindi. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kutueleza sababu yake kwa ubao na chaki.

Hata hivyo, mihimili yenyewe ina hila zake katika ardhi yetu. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na kila kilichosimama juu yake huyumba. Mihimili iliyokuwa sawa mwezi wa Mei yaweza kuwa imeinama mwezi wa Septemba, na mtumbwi ukajipinda polepole pasipo mtu kuona. Kwa hiyo ni vema kuisimamisha juu ya mawe mapana au sakafu ya saruji, na kuipima kila msimu ugeukapo.

Upepo nao usisahauliwe. Mtumbwi wangu una urefu wa mita nne na nusu, na watu wawili huubeba mabegani bila kutweta. Wepesi huo ndio ubora wake, na ndio hatari yake. Upepo wa uwanda huu ukiingia chini yake huunyanyua na kuubwaga. Ufungwe kwa mikanda mipana isiyoukata, wala si kwa kamba nyembamba za nailoni, ambazo jua huzila hadi zikakatika. Na kabla ya kuufunua baada ya miezi mingi, ugongwe kwanza kwa fimbo kutoka mbali, kwa maana nyuki na nyoka hupenda nyumba isiyo na mwenyewe.

Haya yote si elimu ngeni. Huko Pwani, bahari ichafukapo wakati wa kusi, wavuvi wengi huvipandisha vyombo vyao ufukoni. Hukwangua, huziba nyufa kwa kalafati, hupaka mbao sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ikaayo majini huipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu uwazuiao wadudu watobao mbao. Hawangoji kaskazi irudi ndipo waanze kutafuta vifaa. Na hapa hapa Kajiado, mama wa Kimaasai huukausha na kuufukiza kibuyu chake cha maziwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa mwituni, ili kisivunde. Mvuvi wa Pwani na mama wa Kajiado hawajapata kukutana, lakini wote wawili wanajua kwamba chombo hutunzwa kabla ya haja.

Sisi tuliosoma tumeisahau hekima hii katika mali ya umma. Katika ua wa taasisi moja ambayo sitaitaja, nimeiona boti ya uokoaji imeachwa juani, imelala kwa tumbo juu ya kokoto, majani yameota ndani yake na maboya ya kuvaa yamechanika. Sina shaka siku ilipopokelewa palikuwa na hotuba na picha. Kibanda cha kuikinga kingegharimu sehemu ndogo tu ya bei yake, lakini kibanda hakina sherehe ya kukizindua. Tuna fedha za kununua, hatuna fungu la kutunza. Na maji yatakapokuja, tutasema serikali haikutuletea vifaa.

Hapa sina budi kutoa onyo, hasa kwa vijana. Mtumbwi mwepesi si wa kuvukia mto unaokwenda kasi, wala korongo lililojaa maji ya ghafula. Ni chombo cha maji yaliyotulia: kuifikia nyumba iliyozingirwa, kupeleka dawa, au kumfuata aliyetumbukia katika lambo. Mwishoni mwa Aprili 2024 mashua iliyojaza watu ilipinduka katika mafuriko ya Mto Tana karibu na Garissa, na wengine wakafa. Asiyevaa boya asipande, na idadi ya abiria isizidi uwezo wa chombo. Boya nalo ni sehemu ya utunzaji: likaushwe, litundikwe kivulini, na mishono yake ivutwe kwa mkono kila msimu.

Nawaomba basi walimu wenzangu wa Kitengela, Isinya, Kajiado na Magadi tulichukue jambo hili kama somo. Shule iliyo karibu na mto au lambo, ikiwa ina mtumbwi au inaweza kuupata, na iukabidhi kwa chama cha wanafunzi, wawe na daftari na zamu. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, na mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, waukague: nyufa, mihimili, mikanda, makafi, maboya. Mwezi wa Juni na mwezi wa Januari waoshe, wakaushe, wazibe palipochubuka. Kila waonalo waliandike, na mwalimu atie sahihi. Hata shule isiyo na mtumbwi ina tangi la maji, ngazi, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza. Daftari ni lile lile.

Kwa kazi hiyo mwanafunzi atajifunza kemia ya magadi, fizikia ya mihimili na msamiati wa omo na tezi. Zaidi ya hayo, atazoea kukihudumia kitu ambacho leo hakimfai yeye, ili kesho kimfae mtu asiyemjua. Shule ambayo haijaanza ianze na ukaguzi wa Septemba, wakati mbuga ingali kavu na hakuna anayeyawaza maji.