Neno *Residencia* na Hesabu ya Maliwali wa Hispania

Mwenye kufasiri historia ya dola ya Hispania kwa Kiswahili hana budi kukutana na neno *residencia*. Maana yake ya juu juu ni ukaaji, au makazi. Na mfasiri mwenye haraka ataandika "hukumu ya makazi", asijue kwamba amempotosha msomaji. Nia ya makala hii ni kueleza jambo lililotajwa kwa neno hilo, kisha kupendekeza namna ya kulisema katika lugha yetu.

Asili yake ni sheria za Kastilia. Katika karne ya 13, sheria za mfalme Alfonso wa Kumi, ziitwazo *Siete Partidas*, zilimwamuru hakimu aliyemaliza muda wake asiondoke mahali alipohukumu kwa siku 50, ili kila aliyedhulumiwa apate kumshitaki. Hapa ndipo ulipo ufunguo wa neno: kukaa kwenyewe ndiko kulikokuwa sharti la kujibu. Aliyevuliwa madaraka alibaki kati ya watu wale wale aliowaamuru jana.

Baada ya 1492 desturi hii ilivuka bahari. Mwaka 1502 Nicolás de Ovando alifika kisiwa cha Hispaniola kuwa liwali, na pamoja na kazi hiyo akapewa kuchunguza utawala wa Francisco de Bobadilla. Naye Bobadilla ndiye aliyemkamata Christopher Columbus mwaka 1500 na kumpeleka Hispania katika minyororo. Hernán Cortés, mshindi wa Meksiko, alifunguliwa *residencia* mwaka 1526. Hakimu wake, Luis Ponce de León, akafa punde baada ya kufika, na shauri likaendelezwa mwaka 1529.

Utaratibu ulikuwa na sehemu mbili. Katika ile ya siri, hakimu alitazama madaftari na kuwahoji mashahidi chini ya kiapo. Katika ile ya hadhara, mpiga mbiu alitangaza, na yeyote mwenye madai, hata mwenyeji wa Amerika, aliruhusiwa kuyaleta. Aliyeonekana na hatia aliweza kutozwa faini au kunyimwa vyeo. Juu ya yote lilikuwako Baraza la Indias, lililoundwa mwaka 1524. Tusichanganye jambo hili na *visita*, yaani ukaguzi, ambao uliweza kumfikia mtawala angali kazini.

Kasoro hazikukosekana. Mara nyingi hakimu alikuwa ndiye mrithi wa cheo, mtu aliyejua kwamba siku yake nayo yaja. Basi wengine walisameheana, na wengine walilipizana visasi. Rushwa ilipita. Tena malalamiko ya asiyejua Kihispania yalitegemea kinywa cha mkalimani, na wanalugha tunajua ni mengi kiasi gani huanguka njiani. Hata hivyo kanuni yenyewe ni nzito: mwisho wa cheo haukuwa mwisho wa jawabu.

Sasa turudi kwenye istilahi. Liwali latufaa kwa mkuu wa jimbo, maana ni *wali* ya Kiarabu pamoja na kitangulizi chake, nalo limekwisha kuota mizizi pwani. Uwajibikaji ni pana mno: hutaja sifa ya kudumu, wala halionyeshi tendo lenye siku na mahali. Kutoa hesabu ni karibu zaidi, kwa kuwa Mswahili huhesabiwa fedha na matendo pia. Lakini hapo wazo la kubaki limepotea.

Napendekeza *kikao cha hesabu*. Kikao kimetokana na kitenzi *kaa*, kama vile *residencia* ilivyotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubaki mahali. Na papo hapo ni baraza la watu waliokutana kwa shauri. Hivyo neno moja labeba maana zote mbili: mtawala amekaa asiondoke, na watu wamekaa wamsikilize. Mwanafunzi atakayelisoma ataelewa kwamba liwali yule alizuiwa ili ajibu, wala hakupewa nyumba ya kustarehe.