PAA LIKIOZA NDANI, USISIRIBE JUU TU



Mvua za masika zikianza hapa Ololosokwan, kilio ni kile kile. "Nyumba inavuja!" Basi mama anachukua mavi ya ng'ombe, anayachanganya na udongo, anasiriba pale juu. Nyumba inaacha kuvuja kwa siku chache. Mvua nyingine ikija, maji yanarudi. Mama anasiriba tena. Paa linazidi kuwa nene, linazidi kuwa zito. Mwisho wake, usiku mmoja fito zinakatika na udongo unaangukia watoto waliolala.

Je, kosa liko wapi? Samadi si mbaya, na mama si mvivu. Kosa ni kwamba ugonjwa uko ndani, lakini dawa imepakwa nje.

Leo tujifunze namna ya kutengeneza paa la nyumba ya Kimaasai, enkaji, ambalo fito zake zimeoza. Kazi hii tangu zamani ni ya akina mama. Hata hivyo akina baba na vijana wasome pia, maana kukata miti na kuinua nguzo ni kazi ya kusaidiana.

PAA LINA NYAMA NA NGOZI

Paa la enkaji lina sehemu mbili. Nyama yake ni fito zilizosukwa na kufungwa juu ya nguzo. Ngozi yake ni udongo uliochanganywa na samadi. Ngozi huzuia maji. Fito hubeba uzito. Ngozi ikipasuka, maji huingia mpaka kwenye fito.

Mti mkavu hauozi. Mti huoza ukikaa na maji muda mrefu, maana hapo ndipo kuvu hupata nafasi ya kuula. Mchwa nao hupenda mahali penye unyevu. Kwa hiyo adui wa kwanza wa paa ni maji yaliyoingia yakakosa njia ya kutoka.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko pwani kuna maboti ya faiba. Baadhi yake yana paa lililotengenezwa kwa mbao katikati, na faiba juu na chini. Maji yakipenya kwenye tundu dogo la skrubu, mbao zinaoza huku faiba inang'aa nje. Fundi anayepaka rangi juu anajidanganya. Fundi mwenye akili anakata ngozi ya faiba, anatoa mbao mbovu, anaacha pakauke, anaweka mbao mpya, ndipo anafunga tena. Boti ni la baharini na enkaji ni ya malishoni, lakini ugonjwa ni mmoja na dawa ni moja.

KWANZA: TAFUTA PALIPOOZA

Usiamini tone la maji. Maji huingia mahali pamoja, yakatembea juu ya ufito, yakadondoka mahali pengine. Pengine tone liko juu ya kitanda, lakini ufa uko karibu na mlango. Kwa hiyo anza pale linapodondoka, kisha fuata alama ya maji kuelekea upande wa juu wa paa.

Halafu ingia ndani mchana na tochi. Fanya mambo matatu:

1. Tazama. Ufito wenye madoa meusi, utando mweupe wa kuvu au njia za udongo za mchwa una mashaka.

2. Gonga kwa kijiti. Ufito mzima hulia kwa sauti kavu. Uliooza hulia kama unagonga kitu laini.

3. Choma kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila nguvu, ufito huo umekwisha. Usiuonee huruma.

Toka nje, tazama paa kwa mbali. Je, kuna mahali palipobonyea? Hapo maji hutuama kama dimbwi. Weka alama kwa mkaa kuzunguka sehemu yote mbovu.

PILI: ANDIKA HESABU YAKO

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika, hapa ndipo elimu inafanya kazi. Chukua daftari. Tuseme sehemu mbovu ina urefu wa mita 1 na upana wa sentimeta 60. Fito zinalala kwa urefu, na nafasi kati ya ufito na ufito ni sentimeta 10. Basi unahitaji fito 7.

Kila ufito lazima upite sehemu mbovu kwa sentimeta 20 kila upande, ili ukamate fito nzima. Kwa hiyo urefu wake ni mita 1 na sentimeta 40. Zidisha mara 7, unapata mita 9 na sentimeta 80. Sasa unajua ukate kiasi gani. Hutakata miti mingi ikabaki kuwa kuni.

Kwa nguzo, wazee wetu wamependa oltarakwai na oloirien, kwa sababu mti wake haulwi upesi na mchwa wala hauozi haraka. Kwa fito, leleshwa inafaa. Kabla ya kukata, uliza serikali ya kijiji ni wapi panaruhusiwa. Kata matawi, acha shina lichipue tena. Fito zikikaa kwanza kivulini zikakauka, ni bora zaidi.

TATU: NGOJA KIANGAZI

Usifungue paa wakati wa mvua. Wakati mzuri ni Juni mpaka Septemba. Kama mvua imekukuta na hali ni mbaya, funika kwa turubai mpaka kiangazi. Hilo ni la muda tu.

NNE: FUNGUA BILA KUUMIA

Toa watoto, vitanda na vyombo. Zima moto. Simamisha nguzo mbili za muda ndani, chini ya sehemu nzima iliyo karibu. Usipande juu ya paa lililooza. Simama chini au juu ya kigoda imara. Funga kitambaa puani, maana vumbi na kuvu huumiza kifua. Angalia nge na nyoka ndani ya fito.

Bomoa udongo kidogo kidogo kwa jembe au panga. Endelea mpaka uone fito nzima pande zote. Hapa wengi wanakosea: wanaacha ufito uliooza nusu kwa kusema, "Huu bado una nguvu kidogo." Kuoza huko kutaendelea. Toa wote.

Ukingo wa udongo wa zamani usiuache umesimama wima. Uchonge uwe mteremko. Udongo mpya utaushika vizuri na ufa hautatokea upesi.

TANO: ACHA PAKAUKE

Hatua hii haina kazi, na kwa sababu hiyo watu wanairuka. Acha tundu wazi kwa siku kadhaa za jua. Usiku funika kwa turubai. Ukifunga mti wenye maji ndani ya udongo, umefunga ugonjwa ndani ya nyumba.

SITA: WEKA FITO MPYA

Laza fito mpya kando ya zile nzima. Funga kwa kamba ya gome au ya katani, mahali pawili kila upande. Pitisha fito nyembamba kwa kukingamisha, kama unavyosuka kikapu. Palipobonyea, inua kwa nguzo mpya ili maji yapate mteremko. Bonyeza kwa mkono. Pakicheza, funga tena.

SABA: SIRIBA KWA TABAKA

Changanya udongo, samadi mbichi na maji. Akina mama wengi huongeza majivu. Nyuzi za majani zilizo ndani ya samadi hushika udongo usipasuke. Jaribu kwanza kidogo juu ya jiwe, uache likauke. Ukipasuka sana, udongo wa mfinyanzi umezidi, basi ongeza samadi. Ukimomonyoka, mchanga umezidi.

Lowesha kidogo ukingo wa zamani. Paka tabaka la kwanza jembamba, ulisukumize liingie kati ya fito. Likikauka na kutoa nyufa, paka la pili kuziba nyufa hizo. Mwisho paka samadi laini juu. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene.

Kumbuka uzito. Ndoo ya lita 20 iliyojaa tope la udongo hupita kilo 30. Ndoo tatu ni zaidi ya kilo 90, kama gunia la mahindi. Je, utaweka gunia juu ya fito mbovu, halafu ulale chini yake?

Kama una kidonda mkononi, kifunge au mwombe mwenzako asiribe. Samadi inaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

VIPI KUHUSU NAILONI NA MABATI?

Siku hizi wengine wanaweka nailoni chini ya udongo. Inasaidia ikiwa nzima. Ikitoboka, maji yanaingia na hayatoki, na fito zinaoza upesi kuliko mwanzo. Kwa hiyo ikague kila mwaka. Wenye mabati nao wakague mbao zilizo chini ya misumari. Bati zuri juu ya mbao iliyooza litaondoka na upepo.

NYUMBA KAVU NI AFYA

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya masomo. Tulijifunza kwamba magonjwa mengi tunaweza kuyazuia wenyewe nyumbani. Nyumba yenye unyevu huota kuvu, na kuvu huwazidishia wenye pumu shida ya kupumua. Mahindi nayo huharibika. Paa kavu ni kinga.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ufa wenyewe uzibwe kuanzia ndani. Kiangazi hiki, kabla ya kuchota samadi, chukua kisu kwanza, uchome fito zako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mahali maji yanapodondoka si lazima pawe ndipo yanapoingia?
2. Tundu lina urefu wa mita 1 na sentimeta 20, na upana wa sentimeta 80. Nafasi kati ya fito ni sentimeta 10. Utahitaji fito ngapi, na kila mmoja urefu gani?
3. Katika kijiji chetu, ni nyumba gani ya mzee au mjane inayohitaji kusaidiwa kabla ya mvua?